Maji ya Kupeleka Ofisini

Senje wangu alikuwa akivaa kitambaa cha kanisa kila satelaiti ilipopita. Nilikuwa nimemweleza kwa simu, polepole, kwamba kuna chombo huko juu kupita ndege zote, kinachoupiga picha mto wetu kila baada ya siku chache, na kwamba siku hiyo hiyo nilihitaji chupa moja ya maji kutoka mtoni ili nilinganishe na picha. Yeye alisikia neno picha tu. Mwanamke wa heshima zake hapigwi picha akiwa amejifunga leso ya jikoni. Kwa hiyo kila nilipompigia na kumwambia, "Senje, kesho inapita," alikifua kile kitambaa cheupe, akakianika, na asubuhi akateremka mtoni Nzoia amependeza utadhani anaenda kumpokea askofu.

"Uliniona?" aliniuliza baadaye.

"Senje, kwa hiyo picha kila kidoa ni mita kumi kwa mita kumi. Wewe, ng'ombe ya jirani na ile migomba mmekuwa rangi moja."

"Rangi gani?"

"Kijani."

"Na vile nilikuwa nimevaa nyeupe," akasema.

Senje ni dada ya marehemu baba yangu, na kwetu magharibi dada ya baba si mtu wa kujibizana naye. Baba alipotuacha, yeye ndiye aliyerithi haki ya kunipigia simu alfajiri kuniuliza kama bado sijaoa. Aliolewa kijiji cha pili tu kutoka kwa babu, kwenye mto ule ule, na amechota maji yake tangu akiwa msichana. Mradi wetu ulipohitaji mtu wa kuchukua sampuli, sikuhangaika kutafuta. Mkubwa wangu aliniuliza kama nimempa mafunzo. Nilicheka. Nimpigie senje simu nimfundishe kuchota maji? Angeitisha kikao cha ukoo.

Mimi kazi yangu ni kutazama matope kwenye kompyuta. Nimeisomea, nina vyeti, na mama mwenye nyumba wangu kule Kabiria, Nairobi, bado anaamini kwamba mimi ni mpelelezi. Ofisi yetu iko Hurlingham, orofa ya pili juu ya duka la vitanda, na kazi yenyewe ukiivua madoido ni rahisi. Maji yenye udongo mwingi hurudisha mwanga mwekundu mwingi kuliko maji safi. Satelaiti inaupima huo wekundu, fomula yangu inaugeuza kuwa uzito wa udongo ndani ya lita moja, kisha chupa kutoka mtoni inasema kama fomula inadanganya au la. Watu wakishajua ninachofanya huniuliza kwa nini siupimi Mto Nairobi. Huo ni mwembamba mno, satelaiti haiuoni. Kwa Mto Nairobi pua yako inatosha.

Nzoia lakini ni mpana, na kulikuwa na sababu ya kuupima. Kwenye soko la kwa senje kuna matangi mawili makubwa yaliyojengwa miaka iliyopita, pamoja na mashine ya kuvuta maji mtoni na vichujio vya kuyasafisha. Maji yalitoka miezi michache. Halafu mvua ikanyesha huko juu, mto ukaja na nusu ya mashamba ya watu, mashine ikayameza yote, vichujio vikaziba, mtambo ukafa. Siku hizi ndani ya matangi kuna nyuki. Wafadhili walikuwa tayari kuufufua mradi kwa sharti moja: tuwaonyeshe kwamba satelaiti inaweza kuyaona matope yakiwa bado mbali, ili mtu wa mashine afunge vali kabla hayajafika. Namba za satelaiti na namba za chupa zilipaswa kukubaliana. Zikikataa, wangefunga faili na kwenda kufanya wema kwingine, na senje angeendelea na ndoo yake mpaka magoti yagome. Nililitaka lile bomba kuliko nilivyotaka kuoa, na senje mwenyewe alilijua hilo.

Karatasi ya maelekezo ilikuwepo, kurasa mbili za Kiingereza kuhusu kina, mkondo na namna ya kuinamisha chupa. Niliifupisha kwa simu. "Senje, jaza chupa vizuri, funga, andika tarehe. Hiyo maji inaenda ofisini kwa wakubwa, usiniangushe." Nilijiona mwalimu hodari.

Chupa zilisafiri kwa basi mpaka ofisi ya vifurushi karibu na River Road, katikati ya mji, na mimi mwenyewe ndiye niliyekwenda kuzichukua. Zilikuwa chupa za soda za nusu lita, kila moja imeviringishwa gazetini na kukazwa kwa uzi wa gunia. Jamaa wa vifurushi alikuwa na bidii ya pekee ya kukagua mizigo kutoka magharibi, hasa ikiwa chupa, maana pombe haramu husafiri hivyo. Mara ya kwanza alichana gazeti, akaona maji maangavu ndani ya chupa ya soda, uso ukamchangamka.

"Buda, hii ni chang'aa, ama?"

"Ni maji."

"Maji ya wapi?"

"Ya Nzoia."

Alifungua kifuniko, akanusa, uso ukamshuka. Kisha akaiinua chupa kwenye taa akaikagua upande huu na upande ule. "Mimi natoka huko," akasema. "Hii si Nzoia."

"Umekaa sana mjini," nikamwambia, nikachukua chupa yangu nikaenda zangu.

Kule ofisini tulikuwa na chumba kidogo cha maabara nyuma, chenye mizani nyepesi kiasi cha kupima nywele, na tanuri ambalo rasmi lilikuwa la kukaushia sampuli na saa saba lilikuwa la kupashia sambusa. Maji ya chupa yalipitishwa kwenye karatasi ya kuchujia, karatasi ikakaushwa, ikapimwa, na uzito ulioongezeka ndio udongo. Karatasi za senje zilitoka nyeupe vilevile zilivyoingia. Mtu wa maabara alinionyesha moja ameishika kwa kibano. "Huyu mtu wako anachota wapi, mbinguni?"

Miezi saba mambo yakawa hayo. Satelaiti ikisema mto umejaa udongo, chupa inasema hakuna kitu. Mkubwa wangu, mama wa kutoka Kitui ambaye sote tulimwita Madam hata alipokuwa hayupo, aliniita ofisini kwake.

"Una uhakika huyo mama anashuka mtoni kweli? Ama anajaza tu kwa tangi ya mvua?"

Nilipandwa na hasira. "Madam, senje yangu hawezi kudanganya. Hajawahi."

"Sawa, sawa. Nimeuliza tu."

Hapo ndipo tulipopotea wote wawili. Yeye aliuliza kama senje ni mwongo, mimi nikajibu kama mtu aliyetukaniwa ukoo, na hakuna aliyethubutu kuuliza swali lingine lolote. Nami huo mto nimeukulia! Niliogelea humo nikiwa mdogo nikatoka na udongo masikioni wa kutosha kupanda sukumawiki. Nilijua rangi yake ni ya chai ya maziwa tangu Januari hadi Desemba. Lakini katika kazi yetu chupa ndiyo Biblia. Picha na chupa zikigombana, picha ndiyo inayoomba msamaha. Na chupa hizi zilikuwa za senje, zenye mwandiko wa senje, tarehe imeandikwa kwa herufi za kubebana kama alivyofundishwa shule ya misheni. Nikaamua satelaiti ndiyo yenye kasoro.

Basi nikaishughulikia fomula. Niliipunguza makali kidogo, nikaipunguza tena, mpaka mto ulipokuwa mwekundu kama tofali, fomula ikasema maji ni safi. Mistari miwili ya grafu ikalaliana vizuri ajabu. Shida ni kwamba fomula haipunguzwi makali bila sababu, kwa hiyo nikaitafuta sababu. Niliandika kurasa nne kueleza kwamba udongo wa sehemu ile ya Nzoia una chembe zinazong'aa kupita kawaida, hivyo ukiwa kidogo tu unaihadaa satelaiti. Jambo hilo nililipa jina: Athari ya Udongo Mng'avu, kwa herufi kubwa. Nililitunga nikiwa Hurlingham, dirishani, nikila mahindi ya kuchoma, bila kugusa chembe moja ya huo udongo.

Madam alizisoma zile kurasa mara mbili. Alinitazama juu ya miwani kwa namna ambayo hakuwahi kunitazama tangu niajiriwe, akasema hii kitu lazima wafadhili waione. Mkutano ulikuwa Alhamisi, kwenye hoteli moja mjini. Mimi ndiye ningesimama kueleza Udongo Mng'avu. Nilienda nikanunua tai.

Jumamosi iliyotangulia mkutano senje akaja Nairobi kutazamwa macho. Alikuja na kuku mmoja hai, kilo kadhaa za karanga, na kile kitambaa cha kanisa ndani ya mfuko wa peke yake. Kwangu ni chumba na sebule, kwa hiyo nikampa chumba nikahamia kwenye kochi. Jumapili alikwenda kanisani Kawangware akarudi amepata marafiki watatu na mchumba mmoja wa kunipendekezea. Jumatatu nikampeleka kliniki, akaandikiwa miwani, akasema daktari ni mtoto.

Tulirudi mchana tukakuta maji yamekuja. Bomba la ploti yetu hutoa maji siku inayojisikia, na siku hiyo ilionekana walikuwa wamechimba mahali fulani barabarani, maana yalitoka ya kahawia. Nilijaza ndoo vivyo hivyo, nikachota kwa sufuria niweke mekoni.

"Unafanya nini?"

"Chai, senje."

"Na hiyo?"

"Ikichemka inakuwa sawa."

Aliniondoa jikoni kwa bega. Akaketi, akauvuta mkoba wake mapajani, akapekua chini ya Biblia na miwani ya zamani, akatoa kitambaa kilichofungwa fundo. Ndani yake kulikuwa na jiwe jeupe la shabu, lile la kutulizia maji, amelisafirisha kutoka nyumbani kana kwamba Nairobi ni jangwani. Akavunja kipande kama punje ya hindi, akakisaga kwa kijiko, akakitia ndooni, akakoroga taratibu, akafunika. Akaniambia hiyo ndoo isiguswe mpaka kesho. Jioni hiyo tulikunywa soda.

Jumanne asubuhi nilitoka bafuni mswaki ukiwa mdomoni nikamkuta ameinamia ndoo na kikombe. Alikuwa akichota juu juu tu, kikombe kimelala ubavu, mkono hautetemeki, midomo ameibana kama mtu anayetia uzi kwenye sindano. Chini ndani ya ndoo kulibaki theluthi nzima ya matope mazito ya kukandika nyumba. Ndani ya sufuria kulikuwa na maji maangavu yanayoonyesha mikwaruzo ya sufuria yenyewe. Nilisimama pale mlangoni, povu likinichuruzika kidevuni, na niliyajua yale maji. Nilikuwa nimeyabeba kutoka River Road kwa miezi saba.

"Senje."

"Mm."

"Ile maji ya ofisi. Unaifanyanga hivi?"

"Hivi hapana," akasema, na kwa muda mfupi sana nikapumua. "Hii nimeharakisha. Ile ya ofisi nalaza siku mbili."

Nilikaa juu ya mtungi wa plastiki. Nilicheka, kicheko kibaya. Senje alikuwa akiendelea kueleza, bila haraka, kwa sababu hakuona tatizo: anachota siku ile ile niliyosema, kabla jua halijapanda, anaandika tarehe ile ile kwenye chupa. Kisha anaweka shabu, analaza, anamimina polepole, anafunga. Siku nyingine, mto ukiwa mbaya sana, alirudia mara mbili.

"Senje, nilitaka matope!" Nilipaza sauti. Sijawahi kumpazia sauti maishani, na mpaka leo naona haya. "Kazi yangu ni hayo matope!"

Aliweka kikombe chini. "Matope?"

"Ndio!"

"Nitume matope Nairobi kwa wakubwa wako? Waangalie chupa waseme huyu kijana ametoka kwa watu gani? Na wewe ndiye uliniambia nisikuangushe."

Alijifuta mikono kwa leso, akakaa kwenye kigoda, akanisimulia jambo ambalo sikuwahi kulisikia. Miaka ile binti yake wa kwanza alipochumbiwa, wakwe walifika siku moja kabla ya siku waliyoagana. Nyumbani kulikuwa na maji ya asubuhi tu, hayajatulia. Akawapa hayo, angefanyaje? Mzee wao alitazama ndani ya kikombe, akakiweka chini polepole, akasema ahsante, hana kiu.

"Ametembea kutoka barabarani na ile jua," senje akasema. "Halafu hana kiu."

Binti aliolewa, wakazaa, yule mzee akafa akazikwa kwa heshima, na senje bado anakiona kile kikombe. Tangu siku hiyo nyumbani kwake hakukosi mtungi uliotulia. Na mgeni akitokea bila taarifa siku ambayo mtungi haujawa tayari, yeye huingia chumba cha ndani na kuwaagiza wajukuu waseme hayupo. Mchungaji amewahi kuambiwa hivyo mara tatu.

Nilimwomba msamaha. Tukanywa ile chai, na ilikuwa tamu mpaka ikaniudhi.

Jumanne hiyo nilikwenda kazini na sikumwambia mtu. Naliandika hili kwa sababu ni kweli. Grafu ilikuwa nzuri, Madam alikuwa na furaha, tai ilikuwa imepigwa pasi, na duniani kote aliyejua siri yangu alikuwa mama mmoja na ndoo yake Kabiria. Nilijiambia kwamba mtambo ukishajengwa tutarekebisha fomula kimyakimya. Lakini nilijua fomula ile ingefanya nini siku mvua ya kwanza ikinyesha. Ingemwambia mtu wa mashine kwamba maji ni safi, aiache vali wazi, na nyuki wangerudi kwenye matangi kabla ya Krismasi.

Jioni senje alinipikia yule kuku. Alipokuwa ananigawia firigisi, akauliza, "Hiyo mkutano yenu ya Alhamisi. Wakikubali, ile mashine haitakufa tena?"

Firigisi lilinishinda kumeza. Jumatano asubuhi nilimwambia avae, twende ofisini. Alivaa kitambaa cheupe.

Madam alimpokea vizuri, akamwita mama, akaagiza chai. Mimi nikalisema lote kwa mkupuo mmoja nikitazama kapeti: chupa, shabu, siku mbili, fomula, Udongo Mng'avu. Madam alimgeukia senje.

"Shabu?"

"Kidogo tu, madam. Kama hindi."

Madam aliinama akaweka paji la uso juu ya meza, mabega yakaanza kumtikisika. Nilidhani tumemliza. Alipoinua uso alikuwa amelia kweli, ila kwa kicheko, wanja umefika mashavuni. Kisha kicheko kikakoma na akanigeukia mimi.

"Na wewe, kurasa ngapi uliandika juu ya huo udongo?"

"Nne, Madam."

"Na marejeo mangapi?"

"Kumi na saba."

"Kumi na saba," akarudia, taratibu, na ningependa kuambiwa jambo lingine lolote kuliko kusikia ile namba ikitoka mdomoni mwake.

Halafu akamwambia senje kwamba kwao mito ni ya mchanga, unachimba shimo mpaka maji yaanze kujikusanya. Kikombe cha kwanza unamwaga, cha pili unamwaga, cha tatu ndicho cha mgeni. "Ningeambiwa mimi nitume maji Nairobi ningetuma ya tatu," akasema. "Na hizi chupa zako, mama, nimezitilia sahihi miezi saba. Sikuuliza kama umeyalaza." Senje alimwambia asijali, na pia kwamba chai ya ofisi imekosa majani.

Alhamisi sikusimama. Madam alisimama mwenyewe, akawaambia wafadhili kwamba hatuna matokeo, akawaeleza kwa nini, bila kunificha na bila kunimaliza. Wengine walitabasamu. Mmoja, bwana mkavu wa pembeni, aliuliza kama tunaijua kazi yetu. Walitupa msimu mmoja, mvua hizo za masika zilizokuwa zinakuja. Chupa na satelaiti zikikataana tena, basi.

Kumbe kazi ngumu ilikuwa bado. Senje aligoma. Alikuwa amerudi nyumbani na miwani mipya, anaona vizuri, na alichokuwa akikiona ni jina lake kwenye chupa ya uchafu. Nilimpigia siku nne mfululizo. Nilimweleza kwamba wakubwa hawatayanywa, watayapima tu. Akauliza watayapima na macho au bila macho. Mwishowe tulipatana: chupa isiwe na jina lake wala mwandiko wake, iandikwe namba tu, tena na mjukuu. Na alikuwa akiipeleka stendi ameificha chini ya leso, majirani wasione anachomtumia mtoto wa kaka yake.

Mvua zilikuja kwa fujo. Mawingu yalitunyima picha wiki mbili, nikawa naamka naitukana mbingu, halafu asubuhi moja pakafunguka na satelaiti ikapita. Siku mbili baadaye nilikuwa River Road. Jamaa wa vifurushi alichana gazeti kama kawaida yake. Chupa ilikuwa nzito, nyekundu, mwanga haupenyi.

"Ee," akasema, akaipangusa kwa mkono. "Sasa hii ndio Nzoia." Kisha akatoa chupa ya pili kutoka kwenye kifurushi hicho hicho. "Na hii je?"

Ya pili ilikuwa angavu. Ilikuwa imebandikwa karatasi yenye mwandiko ninaoujua, herufi za kubebana: *Hii ni ya kunywa. Ile nyingine wasiguse.*

Zilikuja mbili mbili msimu wote. Ya matope ilikwenda kwenye karatasi ya kuchujia, na fomula ya zamani, ile niliyoitoa makali, nikairudishia makali yake yote, ikaisoma karibu sawasawa, mara ya kwanza na mara zote zilizofuata. Ya kunywa ilikwenda mezani kwa Madam. Alikuwa anaimimina kwenye glasi yake, anakunywa kidogo kidogo huku akisoma ripoti zangu kwa kutoniamini, na hakuna aliyeruhusiwa kuionja.

Wafadhili walipokubali nilitoka nje, nikasimama kwenye ngazi juu ya duka la vitanda, nikampigia.

"Senje, wamekubali. Mashine inarudi."

"Na hiyo maji itatoka kama imetulia?"

"Imetulia."

"Si ya kulaza?"

"Si ya kulaza. Unafungua tu, unakinga, unakunywa."

Nilisikia kuku wake, na mtoto anaimba.

"Hata mgeni akikuja bila kusema?"

"Hata akikuja bila kusema, senje."

Nilimsikia akipenga kamasi, kwa nguvu, mara mbili. Kisha akaniambia nije nyumbani siku yoyote ninayotaka, na nisipige simu kwanza.